Shaba ya Kubatizwa

Tangu abatizwe, Namnyaki hajawahi kusema uongo. Ndivyo alivyojitangaza kila Ijumaa alipoingia katika duka la vifaa vya ujenzi la Ephraimu pale Kaloleni, fimbo mbele, sauti juu, shuka jekundu limemfunika mpaka visiginoni. Kisha, kabla mtu hajapata nafasi ya kustaajabu, alimalizia mwenyewe: "Na huo ndio wa kwanza wa leo. Nipisheni nikae."

Mafundi bomba waliojazana kaunta walicheka, wakampisha kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kiti chake. Mwanawe Yoeli alikuwa muuzaji wa duka hilo, na Ijumaa ilikuwa siku ya Namnyaki kumletea chakula. Si kwamba Yoeli alishindwa kubeba chakula chake asubuhi. Mama mtu alipenda maongezi kuliko alivyopenda kupumzika, na kule kwao Sokon One hakukuwa na wa kumcheka ila Simaloi, mke wa Yoeli, na Simaloi alikwisha kuzisikia zote.

"Shikamoo, koko," alisema Lengai, fundi mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko mabomba yake. Hakuwa mjukuu wa Namnyaki, lakini alimwita bibi kwa Kimaasai kama wajukuu wote.

"Marahaba. Leo umekuja kununua au kurudisha?"

"Ningerudisha, koko, ila si unajua hapa." Alionyesha bango lililobandikwa ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDI. "Nilifunga koki hii kwa mteja wa Kimandolu. Jana kanipigia simu. Anasema kwanza ilitoa jasho, halafu ikatoa kutu, halafu ikatoa shingo."

Akaiweka juu ya kaunta, kiwiliwili huku, shingo kule. Namnyaki aliiokota, akaisugua kwa kidole gumba. Wekundu ukabaki kwenye kidole, koki ikabaki nyeupe kama jino.

"Hii imebatizwa tu," alisema. "Kipaimara bado."

Duka zima liliangua kicheko. Hata Prisca, msichana wa kwenye kaunta ya fedha ambaye hucheka kwa kupanga, alifunika mdomo. Ephraimu mwenyewe, mwenye duka, mzee wa kanisa kule kwao mlimani, alicheka kwa upande mmoja wa uso.

"Mama Yoeli, utanifukuzia wateja. Vifaa vyangu ni shaba tupu. Vimetoka nje hivi."

"Shaba yenyewe nayo iko nje, baba. Ndani haijafika."

"Chekeni tu," Ephraimu alisema, akaelekeza kidole darini. "Zile zinanasa kila kitu. Sauti pia. Hata mnong'ono."

Alikuwa anazungumzia kamera. Zilifungwa Pasaka, moja kila pembe, na juu ya kichwa cha Prisca kulitundikwa televisheni kubwa iliyowaonyesha watu walio chini yake, ili kila anayeingia ajione kwamba anaonekana. Mafundi walizoea upesi. Wengine walijichana nywele humo. Aliyeshindwa kuzoea ni Yoeli. Tangu Pasaka alitembea dukani kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa, shingo kavu, macho chini, na utani wa mama yake haukumchekesha tena.

Alipomaliza kula alimrudishia mama vyombo vyake, na juu yake akampa kifurushi cha gazeti, cha mviringo kama ngata ya kujitwishia kuni.

"Mama, nenda na hiki nyumbani. Ni mabaki. Usifungue, kiweke tu chini ya kitanda."

Namnyaki alikiingiza ndani ya shuka, mahali alipoweka kila kitu, Biblia, ugoro, ndizi ya njiani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, aone kama kuna mtu ambaye hajamuaga. Akaondoka. Nani ampekue bibi aliyetoka kumchekesha sasa hivi?

*

Jumatatu Ephraimu alimtumia bodaboda, tena iliyokwisha kulipwa. Hapo Namnyaki alianza kuingiwa na wasiwasi, maana mtu mbahili akikulipia usafiri, ujue huko unakopelekwa hakuna ngoma.

Alipoingia hakujitangaza. Hakuna aliyempisha kwenye ndoo. Yoeli alikuwa amesimama upande wa wateja, bila koti lake la kazi, mikono haina pa kukaa. Mafundi walikuwepo, Lengai naye alikuwepo, na shikamoo yake siku hiyo ilitoka kwa sauti ya msibani.

"Mama, shikamoo," alisema Ephraimu. "Hebu tazama pale juu."

Kwenye televisheni kulikuwa na bikizee anayeonekana kwa nyuma na kwa juu. Nywele zimepungua utosini, mgongo umejikunja, miguu inakanyaga kwa mashaka kama kuku kwenye tope. Namnyaki alimwonea huruma.

"Yule mzee ni nani?" aliuliza.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Namnyaki aliitambua fimbo kwanza, ndipo akamtambua mwenye fimbo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mgongo wake. Mtu wa umri wake hujijua kwa mikono yake na kwa yale anayoambiwa usoni; mgongo ni wa wale wanaobaki nyuma.

Pale kwenye picha mkono wa Yoeli ulitokea na kifurushi. Yule bikizee akafungua shuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Dukani ilikuwa ni kutafuta wa kuaga. Kule juu ilikuwa ni jicho la mwizi, hata Namnyaki mwenyewe aliliona hivyo. Ephraimu akaisimamisha picha hapohapo, bikizee mdomo wazi, mkono kifuani.

"Koili ya bomba la shaba," alisema. "Bomba la hita. Shaba tupu, na ina mwenyewe, ameshaagiza. Ijumaa asubuhi ilikuwepo, jioni haipo."

"Bosi, vile ni vyombo vya chakula," Yoeli alisema.

"Vyombo viko mkono wa kushoto. Naona hata mfuniko. Nauliza kile cha kulia."

"Ni… ni ngata. Ngata ya mama."

"Mama, ni kweli?"

Watu wote waligeuka. Kamera hazikuhitaji kugeuka.

Namnyaki alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama misumari kwenye boksi. Hapo ndipo bibi alipojua alichobeba.

"Ephraimu baba," alisema taratibu, "humu ndani ya shuka nabeba vingi. Ningekuwa namkumbuka kila aliyelala humu, si ningefungua nyumba ya wageni?"

Ijumaa iliyopita wangecheka mpaka wapaliwe. Leo hakuna aliyecheka. Lengai aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa.

Ephraimu alitoa masharti yake bila ukali, kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya usharika, na hilo liliuma zaidi. Ijumaa iletwe koili. Isipoletwa, Yoeli ailipe kwa bei ya shaba tupu, yaani afanye kazi bure mpaka Krismasi ya mwakani. Akikataa, picha inakwenda polisi. "Na mama naye yumo kwenye picha," aliongeza. "Mimi sipendi, lakini yumo."

Mlangoni Prisca alimsimamisha Namnyaki. Alikuwa ameinamisha macho.

"Samahani, bibi. Ndio utaratibu mpya. Naomba ufungue shuka."

Namnyaki alilifungua. Biblia, ugoro, nusu ya ndizi iliyoanza kuwa nyeusi. Mafundi waligeuka wakasoma makopo ya rangi. Namnyaki alilifunga tena shuka, akatoka.

*

Loshoro ya mahindi na maziwa aliyoipika Simaloi ilipoa, ikafanya ngozi juu, na hakuna aliyeigusa. Mtoto wao Yiamat alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake.

"Nimekichungulia chini ya kitanda," alisema Namnyaki. "Hakipo."

"Nilikipeleka kwa Thomasi," alijibu Yoeli. Thomasi alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, jirani yao. "Jumamosi."

"Kwa hiyo ulichukua."

"Nilichukua, mama."

Simaloi alivuta pumzi kwa meno. "Na hela iko wapi? Mwenye nyumba amekuja jana, amekaa hapo ulipokaa wewe, nimemdanganya mtoto anaumwa. Hela iko wapi?"

Yoeli alicheka kicheko kikavu. "Hela gani? Thomasi alichukua tupa akakwangua. Mara moja tu. Ndani nyeupe. Aliita majirani zake waje waone. 'Njooni muone shaba ya Ephraimu, imevaa suti ya kuazima!' Akanipa bei ya sufuria iliyotoboka. Nimenunua unga, na mnaula."

"Ulikuwa na mshahara," alisema Namnyaki.

"Mshahara upi? Tangu Pasaka hatujalipwa. Tulipouliza, bosi alionyesha kidole juu. 'Mishahara yenu ile pale. Kamera zikiisha kulipwa mtalipwa ninyi.' Kila siku naingia kazini, hela yangu imening'inia darini inanitazama."

Simaloi alisimama. "Basi kesho nenda kamwambie! Mwambie hivi: mzee, bomba lako si shaba, silipi bei ya shaba, nalipa bei ya sufuria. Mbele ya mafundi wote."

"Lilikuwa limefungwa kwa nailoni, Simaloi, na lakiri yake. Nikimwambia ndani ni nyeupe, ataniuliza nimejuaje."

Kweli, hapo palikuwa hapapitiki. Kitu pekee cha kumwokoa Yoeli kilikuwa ndicho cha kumfunga.

Namnyaki alikuwa akikunja na kukunjua pindo la shuka lake. Alipozungumza hakuuliza habari ya shaba wala ya mshahara.

"Kwa nini ndani ya shuka langu?"

Yoeli alitazama mlango.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa na begi. Ulikuwa na mfuko wa suruali. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe hawakupekui, mama."

"Leo wamenipekua."

Simaloi alimgeukia mumewe, akasema polepole, kama mtu anayetema mbegu mojamoja: "Ulimfanya mama yako kikapu."

Yoeli alitoka nje akaenda kukaa kwenye kizingiti. Mabega yalikuwa yanatikisika, na wanawake wawili walijifanya hawayaoni.

*

Ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga, chini ya shanga na kitenge cha ubarikio, Namnyaki aliweka surutia zake. Ni koili mbili za waya mnene wa shaba nyekundu, zimezungushwa kama konokono, zinaning'inia masikioni kwa kamba ya ngozi. Alivishwa siku ya kuolewa, na alipofiwa na mumewe akaziweka. Katikati ya hapo alizivua kwa jambo moja tu. Yoeli alipotoka jandoni, kwa mila ya Waarusha mama alimvisha mwanawe surutia zake, akae nazo mpaka apone. Namnyaki alimkumbuka alivyokuwa, kijana mwembamba ndani ya kaniki nyeusi, anaogopa hata mbuzi, na shaba ya mama yake inamgonga shingoni akitembea.

Siku ya Alhamisi alitoa moja, akaiweka juu ya jiwe la uani, akachukua nyundo.

"Yeyo, mama, hapana!" Simaloi alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni. "Hizo ni za Yiamat. Ulisema mwenyewe. Siku yake ikifika nitamvisha nini?"

"Utamvisha iliyobaki. Ana masikio mawili, lakini atasikia."

"Basi tuziuze zote, tulipe."

"Nikiuza nitapewa bei ya urembo wa watalii. Halafu Ephraimu hataki hela tu, mwanangu. Anataka mwizi. Nitampelekea mwizi."

Simaloi alielewa, akakaa chini palepale kwenye maji ya kufulia.

Shaba ilikataa. Namnyaki alipoinyoosha ilirudi nusu, alipoigonga ilijikunja upande mwingine. Hatimaye Simaloi alishika ncha moja, mama mkwe akashika nyingine, wakavuta. Machozi ya Simaloi yalidondokea kwenye waya, naye alikuwa akiyafuta kwa bega kwa sababu mikono ina kazi. Mlima Meru siku hiyo ulijifunika mawingu mpaka miguuni, hata mtu wa kushuhudia hakuwepo.

"Utasema uongo, yeyo? Wewe?"

"Nimejisifu muda mrefu," alisema Namnyaki akitweta. "Vuta."

*

Ijumaa aliingia kimya. Duka lilikuwa limejaa, kwa sababu mafundi walijua ni siku ya mwisho, na mtu hata kama hana cha kununua huweza kuuliza bei ya msumari. Yoeli alikuwa amesimama palepale upande wa wateja. Namnyaki alimpita, akafika kaunta, akafungua shuka lake kabla hajaambiwa, akatoa kifurushi cha gazeti.

"Ephraimu," alisema, "mwizi ni mimi."

"Mama!" Yoeli alisogea.

"Nyamaza, nazungumza na mkubwa mwenzangu. Ephraimu baba, huyu alinipa ngata kweli. Bomba nililichukua mwenyewe alipogeuka kumhudumia mteja. Shuka langu ni pana, si unaliona hapo juu? Bomba nimelikata nimeliuza, na hela nimenunulia ugoro. Kilichobaki ni hiki. Mrudishie kijana koti lake, mimi niite polisi. Watachoka kunilisha, watanileta wenyewe."

Ephraimu alifungua gazeti. Kipande cha waya kilichopindapinda, chenye makovu ya nyundo, kilikuwa humo. Alikigeuza.

"Bomba lina tundu, mama. Hiki kimejaa."

"Nilikipiga nyundo. Tundu likaziba."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Ephraimu hakucheka. Alichukua ufunguo wa gari akakwangua ncha ya waya. Ikawa nyekundu. Akakwangua tena, kwa nguvu, mpaka vumbi likadondoka kwenye kaunta. Nyekundu. Alikipima uzito mkononi, akakipinda, akakiuma kidogo kwa jino la pembeni. Miaka yake yote aliuza vifaa, na uso wake ulibadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekutana njiani na jamaa ambaye hajaonana naye tangu ujanani.

"Mama Yoeli," alisema, "mtu mzima kama wewe, na ni Mkristo. Usinidanganye mbele za watu. Hiki hakikutoka dukani humu."

"Kimetoka humu."

"Nasema hakikutoka."

"Nilikichukua kwa mkono wangu huu, kutoka rafu ile pale."

"Mama, unasema uongo!" Ephraimu alipiga kaunta kwa kiganja, misumari ikaruka kwenye maboksi yake. "Rafu ile naijua mimi! Hiki hakiwezi kutoka pale! Hii ni shaba!"

Prisca mkono wake ulibaki ndani ya droo. Yoeli alikuwa amekitambua kile kipande, kwa makunjo yaliyokataa kunyooka, na mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe ukashika shingo, mahali kilipokuwa kikimgonga zamani.

Lengai alikuwa na koki mpya mkononi, tayari kuilipia. Aliiweka kaunta polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Na ile iliyopotea, mzee," aliuliza, "ilikuwa nini?"

Namnyaki alinyoosha mkono arudishiwe kipande chake. Ephraimu hakuuona. Alitazama pembeni mwa dari, kwenye kamera inayonasa hata mnong'ono, kisha akatazama kwenye televisheni. Kule juu kulikuwa na mzee anayeonekana kwa nyuma, upara umemfika utosini, shingo imezama mabegani, amekumbatia kitu kisicho chake, na watu wote wanamtazama. Kwa kitambo alimkodolea macho kama mtu asiyemjua.